Jumatano, Saa Nane Mpaka Saa Kumi

Katika siku saba za kisiwani, Jelagat aliomba masaa mawili tu: Jumatano, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Na masaa hayo mawili, niwaambie mapema, yalileta kelele katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha unga pale Nakuru, kushinda kelele ya mashine zenyewe.

"Niandike nini hapa?" akauliza mumewe, Micah Kimaiyo, kalamu mkononi.

"Andika kukaa."

"Kukaa na nani?"

"Kukaa tu."

"Kufanya nini, Mama Jeruto?"

"Baba Jeruto, Kiswahili changu kimekuwa kigumu leo? Bahari itakuwa mbele yangu, na mimi nitakuwa nimekaa."

Micah akashusha kalamu. Ile fomu ilikuwa pana, ikajaza meza yote mpaka sufuria ikahamia sakafuni, na ilikuwa na mstari kwa kila saa ya kila siku. Aliyeileta ni Bwana Hobday wa kampuni ya chai. Mpakuzi wa unga na mkewe mshona magunia walikuwa wameshinda shindano la kampuni hiyo, na tuzo ilikuwa wiki moja ya mapumziko, watu wawili, katika kisiwa cha Santa Amalia kwenye bahari ya Karibi. Msicheke. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo mtu aliweza kurudishwa njiani Gilgil kwa kukosa karatasi, na hawa wawili walikuwa waende kwa ndege mpaka upande wa pili wa dunia.

Na walishinda kwa haki. Jelagat ndiye aliyekusanya karatasi sabini na mbili za pakiti za chai, nyumba kwa nyumba, akizinyoosha kwa kuzilalia chini ya godoro. Sheria ilitaka pia sentensi moja ya kuisifu chai. Jelagat alisema bila kufikiri, akiwa anakoroga ugali: "Chai hii unaweza kuinywa ukiwa umesimama." Micah akaiandika kwa Kiingereza, akatia sahihi M. Kimaiyo na sanduku la posta la kiwanda. Jelagat alisema kweli tupu, kwa maana hakuwahi kunywa chai kwa namna nyingine. Waamuzi kule Nairobi wakacheka mpaka machozi, wakidhani ni mzaha wa mhandisi fulani wa Kizungu.

Bwana Hobday alipokuja na mpiga picha, Micah aliitwa kutoka stoo akiwa mweupe pepepe, kutoka nywele mpaka viatu. Bwana akamshika mkono kwa furaha, akamtikisa mara ya kwanza, mara ya pili, na kufikia mara ya tatu unga ukaanza kumwagika. Lakini kamera ilikuwa imeshalia. Picha ikatoka gazetini, na kampuni haikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Basi zikabaki karatasi. Ofisi ya vibali ilitaka kujua, saa kwa saa, watu hawa watafanya nini huko waendako. Kampuni nayo ilitaka nakala hiyo hiyo. Ndiyo maana Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nyumba ya Micah ya chumba kimoja ilijaa watu waliokuja kusaidia kupanga mapumziko.

*

Mamake Micah, Chepkemboi, alikuwa ametoka Ravine na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala na mkaa. Aliweka masharti yake kabla hajakaa vizuri.

"Jumatatu asubuhi mtapeleka hiki kibuyu kwa mzee wa kisiwa. Huwezi kuingia boma ya mtu mikono mitupu."

"Ndio, mama," Micah akaandika.

"Jumatatu mchana mtaangalia ng'ombe zao. Uangalie kwato, uangalie na maji zinakunywa wapi."

"Mama, pengine hakuna ng'ombe."

"Hakuna ng'ombe!" Chepkemboi akamtazama kwa huruma. "Sasa wanaamkia nini?"

Naftaly, mwalimu wa kanisa, alichukua Jumanne yote na asubuhi ya Alhamisi. Alitaka wahubiri ufuoni, wahesabu waliookoka na kumletea idadi. Alikuwa pia amepewa kazi ya kusoma kijitabu cha kampuni, chenye picha za rangi, ili wajue wenyeji wa mapumziko hufanya nini.

"Hapa wanasema mtu analala kwa mchanga," akasoma. "Mchana. Amejipaka mafuta."

"Ni mgonjwa?" Chepkemboi akauliza.

"Anacheka."

"Basi ni kichwa."

"Halafu kuna mashua ya kioo chini, ya kutazama samaki."

"Kuwatazama wamefanya nini?" Chepkemboi hakuwahi kula samaki, na hakuona sababu ya kufahamiana naye. Mashua ikakatwa. Mahali pake wakaweka kutembelea shule, kuuliza bei ya mahindi, na kumsalimia jamaa yeyote wa Kiafrika watakayemkuta, kwani Naftaly alikuwa amesikia wako huko na walipelekwa zamani bila kuulizwa.

Programu ikajaa, ikapendeza. Kutoka alfajiri mpaka jua kutua hapakuwa na upenyo, isipokuwa ule wa Jumatano.

"Hiyo kukaa ni ya nini?" akauliza Chepkemboi, baada ya kusomewa.

Jelagat alikuwa akipepeta fagio la unga, ule unaofagiwa sakafuni mwa kiwanda na kugawiwa wafanyakazi. Macho yake yalikuwa kwenye kijitabu. Ukurasa wa tano palikuwa na mwanamke kwenye kiti cha turubai chenye mistari, ametazama maji. Hakuwa na kofia wala kitabu. Ila Jelagat hakumwangalia mwanamke, aliangalia mikono yake. Ilikuwa imelala pajani, viganja juu, haijashika kitu.

Jelagat alishona magunia siku sita kwa wiki. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa bombani kupanga foleni ya maji, na kanisani alipakata mtoto wa mtu mwingine ikiwa wake amelala. Micah alilalamika kwamba hata usingizini vidole vyake vilimshonea blanketi, akaamka amebanwa. Kwa Chepkemboi, mwanamke aliyekaa mikono mitupu alikuwa amefiwa au ana homa. Jelagat hakuwa na homa. Alitaka tu kujua ikoje, basi. Alitaka sana, na aliona haya kutaka.

"Iandike, Baba Jeruto," alisema. "Hayo mengine yote ni yenu."

*

Karani wa ofisi ya vibali aliitwa Shariff. Babake alikuja na reli kutoka Mombasa akazaa Nakuru, lakini Kiswahili cha nyumbani hakikupotea. Aliwakalisha kwenye benchi, akawaulizia hali, akawaulizia watoto, kisha akaisoma programu kwa kidole, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Maziwa kwa mzee, vizuri. Ng'ombe, vizuri. Injili, vizuri sana. Hapa..." Kidole kikasimama. "Hapa pana shimo, Bwana Micah."

"Hapo ni mke wangu."

"Kukaa. Kukaa kwa ajili gani?"

"Kukaa tu," akasema Jelagat.

Shariff akavua miwani. "Mama, nisikilize. Mie sikuitunga sheria, mie nina muhuri tu. Mwafrika akiwa nje ya wilaya yake, hana kazi, haendi wala harudi, huyo ni mzururaji. Nikigonga muhuri hapa, nitakuwa nimewapa ruhusa ya kuzurura kwa masaa mawili. Wanitakia mema kweli?"

"Lakini huko ni kwenda kupumzika," Micah akasema. "Kampuni yenyewe imesema."

"Kupumzika hakuna ubaya, bora uwe na la kufanya." Akafikiri. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. "Hebu mama, nionyeshe hiyo kukaa yako. Labda ina jina jingine."

"Nikuonyeshe?"

"Ndiyo. Kaa."

Jelagat alikuwa tayari amekaa benchini na kikapu mapajani. Hakujua aongeze nini. Akanyoosha mgongo kidogo, akatazama ukuta. Shariff akawaita makarani wawili wa chumba cha pili, wakaja na vikombe vyao, wakasimama kumtazama.

"Ndiyo hiyo?" Shariff akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Anafikiria kitu," mmoja akasema. "Tuandike kufikiri."

"Wee! Kufikiri, mwaka huu?" Shariff akashtuka, akaangalia mlango. "Ndiyo mbaya kabisa hiyo."

Yule mwingine akazunguka upande wa pili aone vizuri. Watu wa foleni nao wakachungulia dirishani. Jelagat alihisi shingo inawaka. Aliwahi kutukanwa na nyapara, aliwahi kusukumwa bombani, lakini kutazamwa hivi, amekaa, kama mbuzi anayeuzwa, hilo lilimwingia mpaka mfupani. Akainuka, akachukua kikapu chake, akatoka nje bila kuaga.

"Mpaka Ijumaa," Shariff akamwambia Micah kwa upole. "Zibeni hilo shimo, nami nitagonga muhuri palepale."

*

Siku tatu zilizofuata laini nzima ilizungumzia masaa mawili ya Jelagat. Watu waliomsalimia kila siku sasa walimsalimia na nasaha juu yake.

"Andikeni kulinda bahari," Naftaly alishauri. "Mlinzi anakaa mchana kutwa, na hakuna anayemwita mzururaji."

"Nani ataiiba?" Jelagat akauliza.

"Na mlinzi lazima awe na tajiri," Micah akasema. "Shariff atauliza bahari ni ya nani."

"Ya Mungu."

"Utaleta barua ya Mungu kwa ofisi?"

Chepkemboi, ambaye hakuwa amerudi Ravine kwa sababu alitaka kuona mwisho, akakata shauri. "Ashone. Si anajua kushona? Abebe magunia machache, akae ashone akiangalia hayo maji. Kuna ubaya gani? Kwani hiyo mikono imefanya nini mpaka ipumzishwe?"

Micah aliwatoa nje wote, akafunga mlango.

"Mama Jeruto. Masaa mawili tu. Yanatupotezea kisiwa kizima."

"Na wewe siku zote saba umezigawa. Umempa mama yako, umempa Naftaly. Umeweka hata kuuliza bei ya mahindi. Mimi nikikuomba kitu kidogo, ndio inakuwa shida."

"Si mimi. Ni serikali."

"Serikali iko wapi hapa ndani? Naona wewe tu na kalamu."

Micah aliketi kitandani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshawaambia watu wote wa stoo kwamba anakwenda, na wengine walianza kumwita Bwana Kisiwa, na alikuwa ameazima koti. Alimtazama mkewe, na Jelagat akaona woga ule wa mwanamume aliyejisifu mapema. Akamhurumia. Huruma hiyo ndiyo iliyomshinda, si maneno ya watu.

"Andika kushona," akasema.

"Kweli?"

"Andika upesi, Baba Jeruto, kabla sijageuka."

Micah akakata neno *kukaa* kwa mstari mnene, akaandika juu yake *kushona magunia, mawili*. Jelagat alirudi kwenye ungo wake akapepeta kwa nguvu, unga ukamjaa usoni, na ilikuwa afadhali maana hakuna aliyeona alikuwa analia.

*

Shariff aligonga muhuri mara saba, mmoja kwa kila siku, akawapa mkono, akawatakia safari njema. Micah alikimbia na karatasi mpaka uwanja wa kiwanda, ambako Bwana Hobday alikuwa anangoja na gari dogo na mpiga picha. Nyuma ya gari kulikuwa na kiti cha turubai chenye mistari ya bluu na nyeupe, kwa ajili ya picha ya kuagana. Nusu ya laini ilikuwa imekuja kushuhudia.

Bwana Hobday akasoma. Uso wake ukabadilika polepole.

"Hii iko nini? Peleka maziwa. Hii iko kazi."

"Ni adabu, Bwana," akasema Micah.

"Angalia ng'ombe. Kazi. Hubiri. Kazi mbaya sana. Uliza bei ya mahindi... Micah! Watu ya kisiwa nasema mgeni hapana fanya kazi. Kabisa! Iko sheria yao. Mgeni nafanya kazi, yeye nafukuzwa, na kampuni nalipa faini." Akatoa kalamu nyekundu, akaanza kukata. Alikata Jumatatu. Alikata Jumanne yote kwa mstari mmoja. Alipofika Jumatano akasimama, akainua karatasi kwenye mwanga wa jua. "Na huyu nashona gunia! Kwa holide! Mungu wangu."

Kisha akaona neno lililokatwa chini ya lile jipya. Akalisoma mara mbili kwa midomo.

"Kukaa? Nani nasema kukaa?"

Watu wote wa uwanja ule waligeuka wakamtazama Jelagat.

"Lakini hii ndiyo holide!" Bwana Hobday akapaza sauti, karibu alie. "Hii tu! Kwa nini nakata hii? Kama siku saba yote iko kukaa, mimi natia sahihi sasa hivi!"

"Shariff hawezi kugonga muhuri kwa kukaa," Micah akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi hapana weza tia sahihi kwa kazi."

Wakatazamana. Karatasi moja, na Mwafrika hakuruhusiwa kukaa, na mgeni hakuruhusiwa kufanya chochote kingine. Naftaly alipendekeza waandike programu mbili, moja ya uongo na moja ya kweli, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu wa kanisa, akaficha uso kwa kofia. Bwana Hobday aliangalia saa yake. Ndege ilikuwa Jumapili. Akasema kampuni inasikitika sana. Safari atapewa mshindi wa pili, memsahib mmoja, Mzungu wa Subukia, ambaye programu yake nzima ilikuwa neno moja tu, Pumziko, na hakuna ofisi yoyote iliyomwuliza zaidi.

Aliwaachia kreti ya chai. Alipokuwa anageuza gari, mpiga picha akasema kiti hakitoshei tena pamoja na vyombo vyake, basi kiti nacho kikabaki pale uwanjani, kimefunguliwa, na kuku wa laini wakakizunguka.

Chepkemboi alikinusa kibuyu chake. "Afadhali," alisema. "Hawa watu hawana ng'ombe." Jioni hiyo akapanda lori la kurudi Ravine.

*

Jumatano iliyofuata, wakati king'ora cha saa saba unusu kilipolia, Jelagat alikuwa kwenye banda la magunia. Micah akaingia, mweupe kwa unga, akasimama kati ya wanawake wanaoshona.

"Nipe shazia," akamwambia.

"Nini?"

"Sindano. Nipe. Nyapara amekubali nikae zamu yako mpaka saa kumi, nimempa pakiti nne za chai." Hakumtazama usoni. "Kiti nimekiweka kwa lango."

Wanawake wakapiga kelele na kucheka. Mwanamume banda la magunia! Micah akakaa chini, akajichoma kidole gumba mara ya kwanza, akanyonya damu, akaendelea. Jelagat alisimama kidogo akimwangalia. Alitaka kumwambia kitu kizuri, lakini akamwambia tu, "Shona karibu karibu, la sivyo unga utamwagika."

Alibeba kiti kichwani, akavuka reli, akashuka mpaka ziwani. Si bahari ya Karibi. Ni ziwa Nakuru, maji ya magadi yasiyonyweka, yenye harufu ya yai viza, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wengi wakichokora matope. Hata hivyo yalikuwa maji, na yalikuwa mengi. Jelagat akafungua kiti juu ya udongo mweupe uliokauka. Kilimbana kidole kwanza. Akakaa. Jua lilikuwa la saa nane kamili.

Akatazama maji. Mwanzo alifikiria sufuria, akafikiria mtoto, akafikiria Micah na kidole chake. Halafu hakufikiria. Upepo ulikuwa mwanana. Akasema kwa sauti, peke yake, "Kumbe," na akacheka.

"Mama."

Askari alikuwa amesimama nyuma yake, suruali fupi iliyopigwa pasi, kirungu kwapani.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Unangoja nani?"

"Singoji mtu."

"Mzungu wako yuko wapi?"

"Sina."

"Karatasi yako?"

Jelagat hakuwa na karatasi. Ile yenye mihuri saba ilikuwa imekatwa yote kwa wino mwekundu, na Chepkemboi alikuwa amezibia nayo mdomo wa kibuyu. Masaa mawili tu, na hata nusu hayajafika. Askari akatoa kitabu chake, akalamba penseli, akaanza kuandika tarehe.

Kisha akasita. Alikuwa anamtazama mapajani. Jelagat naye akatazama.

Mkono wa kulia ulikuwa umebana vidole vitatu, ukishuka, ukichoma, ukivuta uzi juu mpaka begani, ukishuka tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunja ukingo wa gunia ambalo halikuwepo, ukisogea kidogo baada ya kila mshono. Ilikuwa inakwenda vizuri, haraka, kwa mpango wake, na haikuwa imemwuliza yeye.

"Ah," akasema askari, na akafunga kitabu kwa nafuu, maana kuandika kulimpa taabu. "Kumbe uko kazini. Si ungesema tu, mama." Akampigia saluti ndogo, akaenda zake akifuata ukingo wa maji.

Jelagat aliitazama mikono ile. "Acheni," akaiambia. Haikuacha. Ilimaliza upande mmoja wa gunia, ikageuza pembe, ikaanza mwingine.

Akainua paja la kulia, akaingiza mkono mmoja chini yake. Akainua la kushoto, akaingiza wa pili. Akajikalisha sawasawa kwa uzito wake wote. Vidole vilicheza huko chini kwa muda, vikikwaruza turubai, naye akaendelea kutazama maji, akiwa ameikalia mikono yake, mpaka king'ora cha saa kumi kikalia.